Aliyekwenda Kuuliza

Jina lake analo, na lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa herufi za shaba, lakini pale ofisini Chang'ombe hakuna aliyelitumia. Tulimwita Injinia. Mlinzi alimwita Injinia, mama wa chai alimwita Injinia, na mafundi wa kuchomelea mageti waliokuwa ghorofa ya chini, wakimwona anashuka ngazi na hijabu yake nyeusi na raba zake nyeupe, walizima mashine wakasema, "Shikamoo Injinia." Naye aliwaitikia marahaba mmoja mmoja, hata wawe kumi. Kelele ya kusaga vyuma haikurudi mpaka amefika barabarani.

Sijui alizaliwa mwaka gani wala ukoo wao uliingiaje mjini. Najua kwamba na dada yake kwenye simu alizungumza Kikachi, lugha ya Kihindi ya kwao, na kwetu sisi alizungumza Kiswahili cha Dar ya zamani, mie na sie, kisicho na haraka. Najua pia kwamba Muharram ikiingia alivaa nyeusi tupu, alasiri akaondoka kwenda kwenye majlisi ya maombolezo, na utani ukakoma kwa siku kumi. Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Mpaka leo nikimkumbuka ninakaa wima kwenye kiti.

Kabla sijaendelea, kuna jambo ni haki ulijue. Kuna mtoto mmoja aliyeumia kwa kosa langu, na kwa miaka kumi na moja sikujua aliishia vipi. Njia ya kujua nilikuwa nayo, tena rahisi: kumuuliza Injinia. Sikumuuliza. Haya ni masimulizi ya Injinia, lakini mtoto huyo yumo ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, hata pale nitakapokuwa nacheka.

Kazi yetu ilikuwa kuandika programu za kompyuta za watu wenye shughuli nyingi, kama hospitali na wenye maghala. Sasa, kompyuta ikitaka kuandika jambo kwenye diski ina njia mbili. Inaweza kusimama ikasubiri mpaka maandishi yakae mahali pake. Au inaweza kukabidhi ombi, kisha ikaendelea na mambo mengine huku kazi ikifanyika nyuma. Njia hii ya pili ni ya haraka na kila mtu anaipenda. Ubaya wake ni kwamba ukikabidhi ombi unajibiwa papo hapo kuwa limepokelewa, na wengi wetu tukisikia limepokelewa tunakunja jamvi.

Injinia alikuwa adui wa neno hilo. "Kupokelewa si kufanyika," alisema, kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani. Alitufundisha kwamba ombi lililotumwa lazima liendewe, na ukiliendea litakujibu moja kati ya matatu. Litasema bado kazi inaendelea. Litasema kazi imekwisha salama. Au litasema imeshindikana, na litakupa sababu: diski imejaa, kifaa kimekufa, mtu amelifuta ombi lako katikati. Na lile la kushindikana, alisema, halina mdomo. Litakaa pale kimya, siku, mwezi, mpaka mtu aende kuliuliza. Hakuna kengele itakayolia.

Ndiyo maana palikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine popote. Programu haikutoka kwenda kwa mteja kabla haijasomwa kwa sauti. Ulivuta kiti ukakaa pembeni yake, ukaisoma mstari kwa mstari, kwa Kiswahili, kama mtu anayemsomea bibi yake barua. Yeye alifumba macho. Mara yangu ya kwanza nilidhani amesinzia, nikaruka mistari mitatu ili tumalize nikale.

"Rudi," akasema, macho bado kayafumba. "Umeruka."

Nilimuuliza amejuaje. Akasema kuna faili nililifungua na hajasikia nikilifunga. Mistari mia nne nilikuwa nimemsomea, na alikuwa ameyashika mafaili yote kichwani mwake kama mama anayejua watoto wake wangapi wako nje na wangapi wameshaingia ndani.

Kila ulipofika kwenye mstari wa kutuma ombi, alikuinulia kidole. "Umetuma. Nani atakwenda kuuliza?" Ulitakiwa umwonyeshe mstari wenyewe. Ukisema itajulikana tu, programu ilirudi mezani kwako nawe ukarudi nayo.

Wapo waliozidisha upande wa pili. Baraka, aliyekaa meza ya jirani yangu, aliambiwa aulize, basi akaandika programu inayouliza bila kupumua, mara maelfu kwa sekunde, mpaka kompyuta ikapata joto la kuchemshia yai. Injinia aliisikiliza yote, akafumbua macho.

"Baraka, mtu akiwa chooni wewe unagonga mlango mfululizo?"

"Hapana, Injinia."

"Unafanyaje?"

"Nasubiri kidogo, halafu ndiyo nagonga."

"Na asipotoka?"

"Nagonga tena. Baadaye naita watu."

"Haya. Kaandike hivyo."

Baraka akaandika hivyo, na mpaka leo ukimuuliza kuhusu kazi hiyo atakutajia choo. Injinia alikuwa na kanuni nyingine mbili za namna hii. Ya kwanza, fomu ya ombi ukishaikabidhi si yako mpaka kazi iishe. Usiiguse, usiifute, usiandike ombi jingine juu yake, maana kuna mtu anaisoma. Ya pili, jibu la mwisho linachukuliwa mara moja tu, kwa hiyo ukienda kulichukua uwe na mahali pa kuliweka. Hiyo ya pili niliikariri kama watoto wanavyokariri majina ya mikoa, bila kufikiri kwamba siku moja itanihusu.

Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye maghala, shati limepigwa pasi likasimama, kutuonyesha programu aliyouziwa kwingine. Alitaka tuione tuone aibu. Haisubiri, alisema, unabonyeza tu inakupa alama ya kijani. Injinia aliitazama akaisifu, kweli, akasema ni nzuri kwa macho. Kisha akaomba akae nayo kidogo. Akaijaza diski kwa takataka mpaka isibaki nafasi ya kutia hata herufi, akamrudishia yule bwana, akamwambia aendelee kuingiza mizigo yake kama kawaida. Bwana akaingiza. Kijani. Akaingiza tena. Kijani. Dakika kumi nzima, kijani tupu, na sisi tumesimama nyuma yake tukijua.

"Sasa izime, uiwashe, unionyeshe ile mizigo," Injinia akasema.

Hapakuwa na hata gunia moja. Yule bwana akatoa leso akajifuta shingo. Tulitegemea Injinia amcheke, maana sisi tulishaanza. Badala yake alimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, chai ya tangawizi isiyo na sukari, akamwambia, "Hukudanganywa. Uliambiwa limepokelewa, na lilipokelewa kweli." Bwana yule akawa mteja wetu, na tangu siku hiyo akawa anakunywa chai bila sukari.

Alikuwa vilevile na binadamu. Fundi cherehani wa jirani alikaa na kitambaa cha Injinia wiki tatu, gauni la harusi ya mpwa wake, na kila siku akasema, bado vifungo tu, Injinia. Siku moja nilifuatana na Injinia. Alisimama mbele ya cherehani akamwuliza kwa upole kabisa, "Fundi, kuna majibu matatu. Bado, tayari, au kimeharibika. Lipi?" Yule fundi alimtazama, akainama, akatoa chini ya meza kitambaa chenye alama ya pasi kubwa kama mkono wangu. Alikuwa ameshakiunguza tangu siku ya pili.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza hivyo, mama. Uliuliza lini."

Akamshukuru. Nakuapia, alimshukuru, akaenda kununua kitambaa kingine, akakileta kwa fundi yuleyule. Njiani nilimwambia mimi ningemtia makofi. Akasema mtu aliyekwambia ukweli ukimtia makofi, umemfundisha nini?

Usifikiri alikuwa malaika. Sifa kwake zilikuwa adimu kuliko mvua ya Septemba. Neno kubwa kabisa nililowahi kulipata ni "sawa". Waliochelewa kazini aliwafanyia ukatili. Ukimpigia ukamwambia nipo njiani, nipo Ubungo, anasema, "Mpe konda simu." Na yeye aliyekagua kila kitu duniani hakuwahi hata siku moja kukumbuka maji aliyoyainjika mwenyewe. Aliunguza birika la ofisi, likanunuliwa jingine, akaliunguza, mpaka mama wa chai akamkataza kukaribia jiko. Tulipomtania alijibu kwa heshima zake zote kwamba jiko lile halijibu likiulizwa.

Jambo jingine ambalo sikulielewa ni kwamba mambo ya watu hakuyauliza kabisa. Mwaka uchumba wangu ulipovunjika, ofisi nzima ilinihoji, hata mafundi mageti walitaka kujua yule kijana alikuwa na tatizo gani. Injinia hakusema kitu. Asubuhi moja nilikuta meza yangu imehamishiwa dirishani, mahali penye hewa, mahali ambapo miaka yote ilikuwa meza yake. Nilikaa pale nikalia kidogo, nikafanya kazi.

Sasa nifike kwa mtoto.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilishajiona fundi. Hospitali moja upande wa Temeke ilitumia programu yetu kupeleka majibu ya vipimo kutoka maabara hadi wodini. Watu wa maabara walilalamika kwamba wakibonyeza kuhifadhi, skrini inaganda kidogo. Nikaandika mistari tisa ili programu isisubiri. Nilimwambia Injinia ni mistari tisa tu, haina haja ya kukaa kusoma. Alikuwa amesimama mlangoni, kuna msiba anawahi. Alinitazama, akatia sahihi kwenye karatasi ya kuruhusu, akaondoka.

Sikusahau kuuliza. Ningesahau, ningekuwa na kisingizio. Niliuliza, lakini niliuliza papo hapo, palepale nilipotuma, na jibu likaja kuwa bado inaendelea. Na mimi niliandika kwamba jibu lisipokuwa la kushindikana, basi skrini iandike "Imehifadhiwa", kwa kijani.

Nimelifikiria sana kosa hilo na naamini ni la kwetu. Nimekulia Kibamba. Fundi bomba akikwambia bado, unashukuru, maana hajasema haiwezekani. Posa ikijibiwa bado tunazungumza, nyumbani wanaanza kuulizana nani atapika. Kwetu mtu akisema bado hajakukatalia, na asiyekukatalia amekubali, na kurudi kumuuliza ni kumsumbua. Mimi nililichukua neno hilo nikaliweka kwenye kompyuta ya hospitali.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, diski ya hospitali ikajaa. Kuanzia hapo kila jibu la maabara lilipokelewa, likashindikana, na skrini ikaandika imehifadhiwa. Saa nane na nusu mchana akanipigia muuguzi.

"Dada, nyie leo programu yenu imelala?"

"Hapana. Kwani maabara wanasemaje?"

"Wanasema wameshatuma yote, na kwetu wodini halijafika hata moja tangu asubuhi."

Nilikuwa bado nimeshika simu, nikijaribu kufungua programu niangalie, Injinia alipokuja akasimama nyuma yangu. Hakugusa kompyuta. Alichukua simu mkononi mwangu, akaomba aunganishwe na maabara, akauliza swali moja. "Daftari la mkono mnalo?" Walikuwa nalo. "Msiondoke hapo. Tunakuja."

Tulikwenda kwa bajaji. Njia nzima nilikuwa nasema tu, samahani Injinia, samahani Injinia, kama mtu aliyetumbukiza kitu kisimani. Maabara tukakaa chini tukayanakili majibu yote ya tangu saa nne, yeye upande mmoja wa daftari na mimi upande wa pili. Kisha akapanda nayo mawodini kwa ngazi, kwa sababu lifti hakuwahi kuziamini. Alikuwa amekaribia miaka sitini, na mimi wa ishirini na nne nilimfuata nikihema. Kila wodi alimtafuta mhusika, akamsomea jibu, akamwambia alirudie, ndipo akaondoka.

Kwenye wodi ya watoto wachanga daktari aliposomewa jibu la tatu alimkata kauli.

"Hili lilitoka saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu. Akageuka akaenda haraka, karibu kukimbia, kwenye kitanda cha mwisho ambako mama mmoja kijana alikuwa amelala kiubavu na kichanga cha siku tatu. Kilikuwa na ugonjwa wa manjano, na ile namba ya kipimo ilikuwa imepanda mahali ambapo kila saa inahesabika, kwa sababu manjano yakizidi hupanda kichwani, na mtoto anaweza kufa, au akabaki na kifafa, au akawa kiziwi. Niliona nyayo zake mbili wanapomhamishia chini ya taa ya bluu. Zilikuwa za manjano kama embe. Mama yake alikuwa anauliza, "Kuna nini? Mbona mlisema tusubiri tu?"

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi. Injinia alibaki.

Alibaki jioni ile, na kesho yake akaenda tena, na keshokutwa. Ile hitilafu niliirekebisha usiku uleule, ikasomwa kwa sauti asubuhi, ikatoka. Barua ya kwenda hospitali aliiandika yeye mwenyewe, na ndani yake hakukuwa na jina la mtu, kulikuwa na "tumekosea" tu. Nilingoja nifukuzwe. Nilingoja anipigie kelele, na ningefurahi angepiga. Jumatatu alikuja akasimama dirishani kwenye meza yangu.

"Umekwenda kuuliza?"

"Nitakwenda, Injinia."

"Haya," akasema.

Hakuniuliza tena. Miaka minne mingine nilikaa ofisi ile, nikamsomea programu zangu mamia kwa mamia, na kila alipoinua kidole akasema nani atakwenda kuuliza, niliinamia karatasi. Nilijiambia kama lingekuwa baya ningeshaambiwa. Nilijiambia mtoto amepona, anakimbia, atakuwa ameanza chekechea. Nyakati nyingine nilijiambia amekufa, na siku hizo nilirudi Kibamba bila kusalimia mtu njiani. Nilihama kazi, nikapata cheo, nikaanza na mimi kuwafundisha wengine majibu matatu. Niliyafundisha vizuri, watu wakaandika kwenye madaftari. Huku mwenyewe nimekalia "bado" yangu, nimeipaka rangi ya kijani.

Mwaka jana Baraka alinipigia kunieleza kwamba macho ya Injinia yamefika mwisho. Presha ya macho. Anaona mwanga na kivuli, basi. Nilikaa na habari hiyo wiki mbili. Jumamosi moja nikaenda Tegeta, ambako alijenga alipostaafu, nyumba ndogo nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, baraza ina vigae vyekundu. Nikavua viatu, nikapanda.

Alikuwa kwenye kiti, uso ameuelekeza barabarani.

"Hatua zako zimekuwa nzito," akasema kabla sijafungua mdomo. "Umenenepa, au una mawazo?"

"Vyote, Injinia. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Tulizungumza mambo ya Chang'ombe, ya mafundi mageti, ya Baraka aliyepata mapacha. Nikamweleza kazi ninayofanya, naye akanisikiliza, akaniuliza maswali mawili, na la pili lilinionyesha pengo ambalo watu wangu sita hawakuliona mwezi mzima. Mtu asiyeona hata vidole vyake. Nilimtazama nikajisikia mdogo na nikajisikia salama kwa pamoja, na nadhani ni ile salama iliyonifungua mdomo.

"Injinia, yule mtoto."

Hakuniuliza mtoto yupi.

"Unauliza sasa?"

"Nauliza."

Aligeuza uso ukanielekea. "Yuko hai. Ana miaka kumi na moja. Sikio la kushoto linasikia. La kulia halisikii. Daktari hakusema ni yale masaa, na hakusema siyo. Mie nilimuuliza mara nyingi, hakujua. Hilo ndilo jibu, hakuna jingine."

Nililipokea, na sikuwa na mahali pa kuliweka. Nililia kwa sauti, mtu mzima, mwenye cheo. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Mama yake anajua?" nikamuuliza.

"Anajua. Siku ya tatu palepale wodini nilimwambia, kuna jibu lilichelewa na kosa ni langu. Alinifukuza. Nilikwenda kliniki ya mwezi wa kwanza, akanifukuza. Ya mwezi wa pili akanionyesha kiti."

"Lakini kosa lilikuwa langu."

"Mie nilitia sahihi kitu sijakisikia. Miaka yote ile nauliza kila mstari, siku hiyo nilikuona unajua, sikuuliza. Hilo ni la kwangu, nimelibeba. La kwako sikumwambia, kwa sababu si langu kulisema."

Nikamwuliza aliwezaje kukaa nami miaka minne, na mingine saba juu yake, na jibu mkononi, asinipe. Akasema aliniuliza mara moja, nikamjibu nitakwenda, naye akanipokelea. Kisha kwa mara ya kwanza maishani nikamwona anahangaika na maneno. "Labda nilikosea," akasema. "Labda ilikuwa nikugongee tena. Nilifikiri nikikugongea utavunjika."

Upepo ulipita barazani. Alipapasa mkononi, akabonyeza saa yake ya kusema, ikasema ni saa tisa na dakika arobaini.

"Saa kumi wanakuja," akasema. "Kila Jumamosi. Namfundisha hesabu, ana kichwa kizuri kuliko chako. Ukitaka kuondoka, una dakika ishirini."

Ningependa kuandika kwamba nilibaki. Nilimuaga. Nilimbusu mkono, nikamwambia nitarudi, nikashuka kwenye kizingiti nikainama kuvaa viatu. Yeye alisema haya, kama alivyosema siku ile ya Jumatatu, bila hasira. Nilikuwa nimevaa kiatu kimoja, cha pili nakitafuta kwa vidole, lilipofunguliwa geti wakaingia. Walikuwa wamewahi.

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, amevaa baibui la kijivu, na binti mrefu mwembamba mwenye daftari kifuani. Hata jina la binti huyo nilikuwa silijui.

"Hodi, mama," yule mwanamke akasema. "Una mgeni?"

Injinia aliwaambia tu, karibuni. Hakunitambulisha, hakunisaidia hata kwa kikohozi. Nilielewa kwamba hatanisaidia, na kwamba nikitoka getini safari hii sitarudi tena.

Nikamwambia. Nikiwa nimesimama kwenye kiatu kimoja, nikamwambia jina langu na kwamba ile programu iliyochelewesha jibu la mwanawe niliiandika mimi. Nikamwambia nilikuwa pale wodini, niliona nyayo za mtoto, nikakimbilia kwenye ngazi. Nikamwambia kwa miaka kumi na moja niliogopa kuja kuuliza. Sikupamba, na nilipomaliza sikuongeza pole, kwa kuwa niliona ni ndogo mno.

Aliniangalia. Akaangalia mguu wangu wenye kiatu na ule usio na kiatu. Akamgeukia Injinia, akamtazama yule mzee ambaye yeye mwenyewe alimfukuza mara mbili.

"Kumbe mlikuwa wawili," akasema.

Binti alikuwa ameshapanda barazani, akanipa mkono kwa adabu. "Shikamoo." Nikaitikia marahaba, akageukia kiti cha Injinia, nikamuuliza anaitwa nani. Hakugeuka. Nikauliza tena.

"Upande huo hasikii," mama yake akaniambia. "Vua hicho kiatu, upite huku kushoto, ndiyo umuulize."